Maswali ya Wasomaji: Bibi, Wajukuu na Mbuga za Kaskazini

SWALI: Habari za kazi. Likizo ya mwezi wa 6 tunataka kumpeleka mama kuona wanyama. Ana miaka 74, goti linamsumbua na anameza dawa za presha. Watoto wana miaka 4, 7 na 13. Jumla tuko saba. Tuna siku tano na Noah yetu. Tumepanga Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Tutaweza?
*Mama wa watatu, Dodoma*

JIBU: Dada, Serengeti iondoeni. Lami inaishia Lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia hapo hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni changarawe yenye mawimbi, masaa manne au zaidi kwenda tu. Goti la mama litavimba siku ya kwanza, na mtoto wa miaka 4 atatapika kabla hamjafika Naabi, lango la Serengeti. Mbuga tatu kwa siku tano zinawatosha kabisa.

Msipitie Arusha. Shikeni barabara ya Kondoa na Babati, yote lami, hadi Kwakuchinja. Lango la Tarangire liko kilomita chache tu kutoka hapo. Siku ya kwanza iwe ya barabara peke yake, mlale nje ya lango. Siku ya pili muwe getini saa 12 asubuhi. Mwezi wa 6 mvua zimekatika, madimbwi ya porini yanakauka na tembo wanaanza kujaa kando ya Mto Tarangire. Tokeni saa 5, kabla jua halijakomaa, mle, kisha mwende Karatu. Siku ya tatu mama apumzike hadi saa 8, halafu nusu siku Manyara, ambayo iko karibu na ina miti mingi ya kivuli. Siku ya nne Kreta, yaani bonde la Ngorongoro, ya tano nyumbani.

Sasa gari. Mwezi huo Noah hupita taratibu kwenye barabara kuu za Tarangire, ila msiingie njia za kando zinazoteremka mtoni: chini ni mchanga, mtakwama, na kushuka kusukuma katikati ya tembo hakuna anayewaruhusu. Hakikisheni kiyoyozi kinafanya kazi, maana kwenye maeneo ya mbung'o lazima vioo vifungwe. Mbung'o hufuata gari linalotembea na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vaeni kaki, kijivu au kijani kilichofifia, na sare ya shule ya bluu ibaki nyumbani.

Kreta ni habari nyingine. Gari lisilo la fofo (4x4, linalovuta kwa magurudumu yote manne) haliruhusiwi kushuka. Iacheni Noah Karatu, mkodi Landkruza ndefu ya paa la kuinuka kwa siku hiyo moja; hapo Karatu na Mto wa Mbu yapo mengi. Kabla ya kulipa, ombeni kuliona gari lenyewe, mhesabu viti na mkanda wa kila kiti. Mama akae safu ya katikati, iliyo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Kiti cha nyuma kabisa kinakaa juu ya ekseli na kila shimo linapiga mgongo. Huko waende vijana. Ngazi ya Landkruza iko juu sana kwa goti bovu, kwa hiyo bebeni kigoda imara cha kama sentimita 20. Wakati wa kupanda, atangulize mguu mzima. Wakati wa kushuka, atangulize ule unaouma.

Kuhusu presha: baadhi ya vidonge hutoa maji mwilini, na mbugani huwezi kusimamisha gari popote ukachimba dawa. Mama amuulize daktari wake kama anaweza kusogeza muda wa kidonge hicho siku za mizunguko. Asiache dawa, wala asijinyime maji. Kujinyima maji juani kunaleta kizunguzungu haraka. Dereva aambiwe asubuhi, kabla ya kuondoka, kwamba kila baada ya masaa mawili mnahitaji choo, ili apange njia kwa kufuata vyoo.

Chakula cha mchana ndani ya Kreta wengi hula Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko. Kuleni ndani ya gari. Mwewe wa pale hushuka kutoka nyuma, kimya, na kunyakua paja la kuku mkononi. Kucha zake huchana vidole, na mtoto mdogo ndiye anayelengwa kirahisi.

Mwisho, malipo. Tarangire na Manyara ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Ngorongoro ina mamlaka yake, kwa hiyo ni malipo mawili tofauti, na msitegemee fedha taslimu getini. Watu wazima wabebe vitambulisho vya NIDA na watoto vyeti vya kuzaliwa, ili mlipe kiwango cha raia. Wa miaka 4 anaingia bure. Wa 7 na 13 wanalipa kiwango cha mtoto.

SWALI: Darubini gani inamfaa mtoto wa miaka 8? Naona zenye namba kubwa ndizo bora.
*Baba Neema, Mwanza*

JIBU: Hapana. Nunua ya 8x32 au karibu na hapo. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, na ikifika 10 au 12 kila mtetemeko wa mkono unakuzwa pia. Mtoto ataona ukungu unaocheza, ataiacha. Mfundishe kwanza kumtazama mnyama kwa macho, kisha ainue darubini bila kuondoa macho pale. Injini izimwe.

SWALI: Nina miaka 79 na najidunga insulini. Wanangu wanasema Kreta si ya wazee.
*Babu, Moshi*

JIBU: Shikamoo babu. Kama daktari wako hana pingamizi, nenda. Ukingo wa Kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na mwezi wa 6 hadi wa 8 asubuhi baridi ni kali: vaa sweta, koti na soksi nzito, na blanketi liwe magotini. Lala Karatu, ambako ni chini zaidi, badala ya ukingoni.

Insulini usiigusishe na barafu, maana ikiganda imeharibika hata kama inaonekana nzima. Ifunge kwa taulo ndani ya kikasha cha baridi, kikae kivulini chini ya kiti, kamwe si kwenye dashibodi. Mizunguko huchelewa kwa sababu ya simba mmoja tu, na chakula nacho huchelewa. Kwa hiyo glukosi, juisi na biskuti viwe mfukoni mwako, visiwe kwenye begi lililofungwa nyuma. Mjukuu mmoja afundishwe kutumia kipimo cha sukari kabla hamjaondoka Moshi.