Mitiki ya miaka 6 bado myembamba: niweke mbolea gani?

SWALI: Bwana Miti, habari za kazi. Naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nina ekari mbili za mitiki Mkuranga, niliipanda miaka 6 iliyopita, mita 2 kwa 2. Imerefuka vizuri ila ni myembamba, viganja viwili vinazunguka shina na kupishana. Matawi ya chini yanakauka. Jirani anasema niweke mbolea. Ipi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hiyo hela ya mbolea nunulia msumeno.

Kwa mita 2 kwa 2 una miti kama 1,000 kila ekari. Urefu wa mtiki hutegemea zaidi udongo. Unene hutegemea nafasi. Wako umerefuka, kwa hiyo udongo hauna kesi kubwa. Matawi ya chini yanakauka kwa sababu vichwa vimegusana na jua halipiti, na mtiki hauvumilii kivuli. Ukiweka mbolea sasa, miti yote itaigombania.

Punguza karibu nusu. Kabla ya kukata, pita na rangi uweke alama kwenye miti itakayobaki: iliyonyooka, yenye shina moja na kichwa kizuri. Iliyopinda, yenye pacha na iliyozidiwa kimo ndiyo iondoke. Angalia pia nafasi, usije ukaacha mitatu imebanana huku pembeni pana uwanja. Hapa ndipo wengi wa mjini mnapopigwa: mnunuzi anakuja na Fuso, anachagua minene, mnabaki na vibete. Muuzie ile isiyo na rangi, inafaa nguzo za uzio na majengo. Kabla ya kukata na kusafirisha, pitia kwa afisa misitu wa wilaya akueleze vibali.

Baada ya miaka michache vichwa vitagusana tena, utapunguza tena. Hata shamba la serikali la Longuza, kule Muheza, hupunguza hivyo na kuvuna kwenye takriban miaka 30. Anayekuahidi mbao za miaka 10, muulize za kutengenezea nini.

Iliyobaki, pogolea matawi ya chini kwa msumeno, karibu na shina bila kulichubua. Panga huacha vidonda na vipande vinavyooza. Visiki navyo vitachipua mvua zikianza. Rudi ukate machipukizi, la sivyo msongamano unarudi. Na kiangazi, mtiki unapopukutisha yale majani yake mapana, safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba lote.