Fimbo ya pool ya kiwandani: Players, Lucasi, McDermott, Cuetec au Predator?

SWALI: Shikamoo fundi. Nacheza pool hapa Mombasa, na siku zote natumia fimbo za klabu, ambazo ngozi za kwenye ncha zimeisha na nyingine zimepinda. Kaka yangu anayeishi Minneapolis anakuja Desemba na amekubali kuniletea fimbo yangu mwenyewe, mradi isizidi dola 350. Nimeangalia Players, Lucasi, McDermott, Cuetec na Predator. Hapa klabuni kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia ni Predator au nisinunue kabisa, mwingine anasema zote zinatoka kiwanda kimoja China na kinachobadilika ni jina tu. Tofauti hasa ni nini, na nimwambie kaka achukue ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hatujafika kwenye majina, pima kwanza mipira ya meza unayochezea, mweupe peke yake na wa rangi peke yake. Kampuni zote tano ulizozitaja hutengeneza fimbo kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, wenye kipenyo cha milimita 57 na uzito wa gramu 160 hadi 170 hivi. Meza za sarafu za mtindo wa Kiingereza hutumia mipira ya inchi 2, yaani milimita 51, na mara nyingi mweupe huwa mdogo zaidi, inchi 1 na 7/8, ili meza iweze kuutenga na kuurudisha ukitumbukia. Mpira huo mdogo una gramu 100 hivi tu. Ukiupiga kwa fimbo yenye ncha ya milimita 13, hata kuona unapoupiga ni shida.

Ukikuta mipira yenu ni ya 51, waache Wamarekani wote. Tafuta fimbo ya Kiingereza: ncha ya milimita 8.5 hadi 9.5, shafti (sehemu ya mbele ya fimbo) ya mti wa ash, kola (pete ya kwenye ncha inayobeba ngozi) ya shaba. Peradon wa Liverpool wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1885, na fimbo yao ya bei ya kati inamtosha mchezaji wa klabu kwa miaka mingi. Kaka ataiagiza Uingereza, na habari ya Predator itakuwa imeishia hapo.

Sasa nachukulia kwamba mipira yenu ni ya 57.

Huyo anayesema zote ni kiwanda kimoja ana robo ya ukweli. Players na Lucasi ni za nyumba moja, Cue & Case ya Florida, na Players hutengenezwa China. McDermott wana kiwanda chao Menomonee Falls, jimbo la Wisconsin, linalopakana na jimbo aliko kaka yako, lakini hata wao wana fimbo za bei ya chini wanazoziagiza nje na kuziuza kwa majina ya Lucky na Star. Kwa hiyo kaka akiambiwa dukani "hii ni McDermott", aulize ni ya mfululizo gani. Kutengenezwa China si kosa. Mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta haijui iko nchi gani, na nimeshika Players za dola 100 na ushee zilizonyooka kuliko fimbo za bei mara tatu. Utakachokosa kwenye fimbo ya bei hiyo ni mbao iliyochaguliwa kwa makini na kupewa muda mrefu wa kukauka, na hilo hulioni siku ya kununua.

Pesa nyingi kwenye fimbo ya kiwandani huenda kwenye mpini, ile nusu ya nyuma: nakshi, rangi, uzi wa kitani au ngozi ya kushikia. Hakuna hata kimoja kinachogusa mpira. Kinachoamua mpira mweupe uende wapi ni sentimita 15 hadi 20 za mwisho za shafti, kuelekea kwenye ncha. Ukiupiga mpira upande wa kulia ili uzunguke, hauendi moja kwa moja kule fimbo ilikoelekea. Unachepuka kidogo kushoto. Sehemu hiyo ya mbele ikiwa nzito, unachepuka zaidi. Ikiwa nyepesi, fimbo yenyewe hupisha pembeni na mpira hubaki karibu na mstari wako. Ugumu wa shafti, ambao watu hubishania sana klabuni, una mchango mdogo sana ukilinganisha na huo uzito wa mbele.

Hapo ndipo Predator walipojenga jina lao. Walianza mwaka 1994 na shafti ya 314, iliyounganishwa kwa vipande vya mbao ya mepo vilivyopangwa kwa duara, ikatobolewa ndani upande wa mbele na kuwekewa kola fupi nyepesi. Wenzao wote ilibidi wafuate. McDermott wana G-Core, yenye kiini cha nyuzi za kaboni ndani ya sehemu ya mbele. Cuetec wana Opt-X, Lucasi wana Hybrid. Mwaka 2016 Predator wakatoa Revo, shafti ya kaboni tupu, na mbio zikaanza upya: Cuetec wakaja na Cynergy, McDermott na Defy, Mezz wa Japani na Ignite.

Kwa hiyo rafiki yako wa "Predator au usinunue" amesema kweli kuhusu historia, ila hajaangalia mfuko wako. Shafti ya Revo peke yake, bila mpini, inapita dola 350. Na faida ya shafti za namna hii anaipata anayepiga pembeni mwa mpira mara kwa mara. Kama mchezo wako mwingi ni wa katikati, juu na chini, hutaona tofauti. Kisha ujue kwamba jicho lako limekwisha zoea kusahihisha mchepuko wa fimbo nzito za klabu bila wewe kujua. Ukishika shafti nyepesi utakosa mipira rahisi kwa wiki kadhaa upande uleule, na wenzako watakucheka. Usiirudishe, jicho litazoea.

Kuna watakaokuambia uchague kwa kumwangalia bingwa. Shane Van Boening, bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 2022, amecheza na Cuetec kwa miaka mingi, nayo ni fimbo nzuri. Lakini mchezaji wa kiwango hicho analipwa kuibeba, na angekufunga hata kwa fimbo ya klabu yenu.

Kuhusu ile hisia ya mkononi fimbo inapogonga, kampuni zinatofautiana kweli, ingawa nadhani nusu ya ubishi huo ni sauti na ngozi ya ncha. Meucci wa Mississippi wanajulikana kwa shafti laini inayonesa. Anayeipenda haachi, na asiyeipenda huiona inalegea mkononi. Schon na Joss, zenye kiungio (pale shafti inapoungana na mpini) cha chuma cha pua, hugonga kwa ukavu zaidi. McDermott huunganisha kwa skrubu nene ya 3/8-10 (unene wa inchi 3/8, nyuzi 10 kwa kila inchi) inayoingia kwenye mbao, na sauti yake imeshiba. Hizo ni ladha, mdogo wangu, sitakuchagulia.

Kiungio chenyewe, kwa mtu aliye mbali na maduka, ni jambo kubwa kuliko hisia. Siku moja utataka shafti nyingine, ya kaboni pengine, na itabidi iingie kwenye mpini ulio nao. Skrubu ya 3/8-10 ya McDermott ni ya kawaida, na karibu kila mtengenezaji wa shafti anayo. Shafti ya kiungio cha Uni-Loc, wanachokitumia Predator na Lucasi, inapatikana bila taabu. Cuetec hutumia 3/8-14, ambayo ina machaguo machache zaidi, na viungio vya Mezz vinakufunga kwenye njia yao. Hata fundi wa nyumbani, ukimletea shafti, swali lake la kwanza litakuwa skrubu gani.

Halafu kuna hewa yenu. Mepo ngumu, mti uleule unaokamuliwa shira kule Amerika ya Kaskazini, hunywa unyevu na kuutoa, na shafti hupinda inapounywa upande mmoja kuliko mwingine. Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Klabu yenye feni mchana na madirisha wazi usiku ni mtihani kwa mbao yoyote, ya dola 100 au ya 1,000. Kaboni haina habari na unyevu, na kwa pwani hilo lina thamani kuliko huo mchepuko mdogo unaosifiwa. McDermott hutoa dhamana ya maisha inayogusa hata kupinda, na watu huinunua kwa sababu hiyo. Lakini dhamana hiyo maana yake ni kupeleka fimbo Wisconsin na kuirudisha. Piga hesabu ya nauli kabla hujaitegemea.

Ningekuwa mimi mwenye dola 350, ningemwambia kaka atafute McDermott ya mfululizo wa G iliyo na shafti ya G-Core, ile isiyo na nakshi kabisa, nyeusi au ya rangi moja. Naichagua kwa ajili ya kiungio na shafti. Akiikosa kwa bei hiyo, Cuetec ya mfululizo wa AVID yenye Opt-X ni chaguo langu la pili, na kwa uchezaji wa siku ya kwanza huenda ikakupendeza zaidi. Lucasi ningeiruka: ni fimbo safi, ila unalipia urembo. Players ya kawaida ningeichukua kama kaka angebadili mawazo na kusema mwisho ni dola 150. Predator ningeiacha mpaka siku utakapokuwa na pesa ya shafti ya kaboni. Na hiyo Predator utaikuta mtandaoni kwa bei ndogo ya kushangaza: jina linalouzwa sana huigwa, kwa hiyo kaka anunue kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni.

Dukani asibingirishe fimbo nzima tu. Aifungue, abingirishe shafti peke yake na mpini peke yake juu ya meza, akiangalia mwanga chini yake. Vipande viwili vilivyonyooka vikitikisika vikiunganishwa, tatizo ni kiungio, na asiichukue. Uzito wa aunsi 19 unawafaa wengi, na fimbo nyingi zina boliti kitakoni inayoweza kubadilishwa, hivyo hilo lisikunyime usingizi. Ikifunguliwa kila kipande kina sentimita 74 hivi, kinaingia kwenye sanduku la kawaida. Iwe kwenye mzigo wa kukabidhi: ukaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani hauruhusu fimbo za pool ndani ya ndege.

Mwambie pia aongeze ngozi za akiba, tatu au nne. Elk Master ya Chicago ni laini na ya bei ndogo, Kamui ya Japani ni ya tabaka na hudumu na umbo lake. Ya kiwandani itaisha, na fundi wa mtaani akikubandikia ngozi ya ovyo kwenye shafti nzuri utakuwa umerudi kwenye fimbo ya klabu. Akimaliza kubandika, atengeneze ukingo kwa kisu kikali na msasa laini tu, asiiguse kola. Kola iliyopunguzwa hairudi, na G-Core yako itakuwa na ncha nyembamba kuliko ulivyoilipia.