Gobore la Kuwindia Kulungu: CVA, Traditions, Knight au Thompson/Center?

Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore. Sisi wajukuu tuliruhusiwa kulitazama tu, tena kwa mbali, likiwa limening'inia juu ya mlango wa chumba chake kama mzee aliyestaafu. Sikuwahi kuota kwamba mimi, niliyekuja Pennsylvania kupakia mizigo ghalani, ningekuja kununua gobore jipya dukani, kwa risiti, na fundi wa duka akanifungia darubini juu yake. Hii ni misimu sita sasa. Magobore manne yamepita mikononi mwangu, na kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi, Waswahili wenzangu wa Lancaster na Harrisburg wananipigia na swali lile lile: ninunue chapa gani?

Nami huwajibu kwa swali: utawinda mwezi gani?

Maana hapa Pennsylvania magobore yana misimu miwili isiyofanana. Oktoba kuna wiki moja ya kuwinda kulungu wasio na pembe, na humo gobore la kisasa la fataki (kiwashio kidogo kinachowasha baruti kikipigwa) linaruhusiwa, na darubini yake. Krismasi ikishapita unafunguliwa msimu mwingine, ulioanza mwaka 1974, na huo ni wa gumegume tu: jiwe lipige chuma, cheche ziruke, baruti iwake. Namjua kijana aliyenunua gobore zuri la fataki mwezi wa kumi na mbili kwa sababu bei ilikuwa imeshuka. Bei ilishuka kwa kuwa msimu wake ulikuwa umekwisha. Akalitazama miezi kumi.

(Kulungu ninayemsema ni yule wa mkia mweupe. Si kulungu wa kwetu hata kidogo. Huyu huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Ila jina limeshamkaa, tuendelee.)

Kabla ya chapa, nikusimulie aibu yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha cha kutazama dukani. Gobore langu la kwanza nililinunua mkononi kwa mtu. Chapa siitaji, kwani kosa halikuwa la kiwanda. Usiku wa kuamkia ufunguzi nililipaka mafuta ndani na nje mpaka likang'aa. Alfajiri nikashindilia vidonge viwili vya baruti, nikashusha risasi juu yake, nikapanda dunguni kwenye mwaloni. Saa moja na robo jike likatoka kichakani, yadi kama hamsini, likainamia mbegu za mwaloni. Nikakoki taratibu, nikavuta triga. Ta! Fataki peke yake. Moshi mwembamba ukachungulia nyuma ya mtutu ukatoweka. Jike likainua kichwa, likanitazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, likarudi kula.

Nikaweka mtutu kuelekea bondeni na kuhesabu mpaka sitini. Hilo usilisahau: baruti iliyolowa huweza kuchelewa, ikalipuka wakati umeshaishusha bunduki magotini. Nikaweka fataki nyingine. Ta. Ya tatu. Ta. Jike likaondoka kwa miguu yake.

Sasa nina gobore lililojaa na lisilolia. Nikaweka alama kwa kitambaa chekundu, nikalipeleka kwa mzee mmoja wa Kikongo tunayesali naye, mwindaji wa siku nyingi. Akanusa mdomo wa mtutu, akacheka. "Mutoto yangu, bunduki umeipaka mafuta sawa kinga!" Kinga kwao ni baiskeli. Mafuta yalikuwa yameteremka hadi kwenye baruti. Tulishinda gereji mpaka saa tatu usiku tukipambana na kizibo cha nyuma ya mtutu, ambacho mwenye bunduki aliyetangulia hakuwahi kukitoa tangu alipokifunga. Kilipokubali, baruti ilitoka kama ugali wa jana.

Basi kizibo hicho ndicho ninachokwambia ukitazame kabla ya jina lililochorwa kwenye kitako. Magobore ya zamani yalizibwa nyuma moja kwa moja. Kila kitu kiliingia na kutoka kwa mdomo. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1985, Tony Knight wa Missouri alipotoa MK-85, gobore ambalo fataki yake inakaa nyuma ya baruti kwenye mstari mmoja na mtutu, na kizibo chake kinafunguka ukaweza kusafisha toka nyuma hadi mbele. Karibu magobore yote ya kisasa yanafuata njia hiyo. Kinachotofautiana ni namna kizibo kinavyotoka: kwa vidole, au kwa spana na maombi.

Tuanze na CVA, maana ndiyo nimekaa nayo zaidi. Herufi hizo ni za Connecticut Valley Arms, lakini kampuni siku hizi iko Georgia na bunduki zinatoka Hispania, mikononi mwa watu wa mji wa Bergara. Wolf ndiyo ndogo yao: mtutu wa inchi 24, kaliba .50 (ndio upana wa tundu la mtutu), nyepesi, inavunjika katikati kama bunduki ya marisawa. Yangu niliipata kwa chini ya dola 300. Kizibo chake unakizungusha kwa vidole, hakuna spana. Jioni ukirudi bila kufyatua, unakitoa, unasukuma baruti na risasi zitoke kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, umemaliza. Huna haja ya kupiga risasi ardhini ukaamsha majirani. Kwa mtu anayeanza, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Optima ina mtutu mrefu kidogo, inchi 26, na triga tamu zaidi. Accura ni ya mwenye nafasi, na mtutu wake ni wa jina la Bergara. Nimepiga zote tatu kwenye uwanja wa shabaha. Kwa yadi mia moja tofauti ilikuwa kwangu mimi, haikuwa kwenye bunduki.

Onyo moja kwa wanunuzi wa mitumba: CVA za fataki za mwaka 1995 na 1996, zile ambazo namba yake ya mwili inaishia 95 au 96, zilitangazwa zisitumike kwa sababu ya mitutu. Bado zinazunguka kwenye magulio. Ukiambiwa ni rahisi kwa sababu mjomba amefariki, soma namba.

Traditions ni jirani yake kwa kila hali. Ofisi iko Connecticut, bunduki nazo zinatoka Hispania, kwa watengenezaji wanaoitwa Ardesa. Buckstalker inashindana na Wolf senti kwa senti, na kizibo chake pia ni cha vidole, mizunguko mitatu kinatoka. Nilikuwa nayo msimu mmoja nikamwachia shemeji. Ilikuwa inapiga vizuri. Sikupenda tu jinsi kitako kilivyonikaa begani, na hilo ni suala la bega langu. Wana pia NitroFire, ambayo risasi inaingia kwa mdomo lakini baruti inaingia nyuma ikiwa kwenye chupa yake ya plastiki iliyofungwa kiwandani. Ni safi ajabu, na unyevu hauigusi. Lakini majimbo hayakubaliani kama hilo bado ni gobore, kwa hiyo soma kijitabu cha sheria cha jimbo lako kwanza.

Knight nimepiga ya rafiki, zaidi ya risasi thelathini. Zinatengenezwa Tennessee, na watu wake wanazisema kama watu wa Tabora wanavyosema asali. Nakubali: ile ya rafiki iliweka matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa kisosi kidogo. Ina usalama wa pili, skrubu nyuma ya chuma kinachopiga fataki; ukiusahau umefungwa, kulungu atasikia ta kama yule wangu. Kizibo kinahitaji spana yake. Kama wewe ni mtu wa kupoteza spana, umeshajijua.

Thompson/Center ndiyo hadithi ya huzuni yenye mwisho usioeleweka. Walikuwa Rochester, New Hampshire, na gobore lao la Hawken la mwaka 1970 ndilo lililowarudisha Wamarekani wengi kwenye baruti. Smith & Wesson wakainunua kampuni, mwaka 2021 wakatangaza wanaiuza na utengenezaji ukasimama, na 2024 bosi wake wa zamani akaichukua tena. Triumph yao ina kizibo kizuri kuliko vyote nilivyoshika: robo mzunguko kwa mkono, kimetoka. Omega inapiga sawasawa lakini inataka spana. Zote mbili utazikuta kama mitumba tu. Kwa mtumba wa aina yoyote, mwambie muuzaji akifungue kizibo mbele yako. Akianza kukwambia "hakijawahi kusumbua", rudisha pochi mfukoni.

Zile za dola elfu na zaidi za kupiga yadi mia tatu nazipita. Msitu wa huku hauonyeshi yadi mia tatu. Kulungu wangu wa mbali kuliko wote alikuwa yadi sabini na mbili.

Ukishanunua, fedha iliyobaki iweke kwenye baruti na risasi, kwa sababu hapo ndipo bunduki mbili za chapa moja zinapoachana. Mtutu una ulaji wake. Wolf yangu ilikataa kabisa risasi za greni 250 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) zilizovishwa kikombe cha plastiki, ikazitawanya kama kuku walioona mwewe. Nikaipa risasi ya PowerBelt ya greni 295 juu ya vidonge viwili vya baruti vya greni 50, ikatulia. Wolf ya shemeji inataka kinyume chake. Nunua pakiti ndogo ndogo za aina mbili tatu, nenda uwanjani Septemba, pangusa mtutu baada ya kila risasi. Greni 100 za baruti zinatosha kulungu. Kidonge cha tatu kitakuumiza bega na kumtajirisha mwenye duka.

Kati ya chapa za baruti, Triple Seven inaacha pete ngumu pale baruti ilipokaa, ndiyo maana risasi ya pili inagoma kushuka. Pyrodex inakula chuma usipoiosha jioni ile ile, kwa maji ya moto na sabuni. Blackhorn 209 haina makuu hayo na husafishwa kwa dawa ya bunduki bila maji, ila inataka fataki yenye nguvu, na bei yake utaitafakari njia nzima ya kurudi nyumbani. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kawaida, usiitie kwenye gobore lako hata kijiko. Mtutu hupasuka, na uso wako uko hapo karibu.

Mambo mengine mawili yananigharimu dakika tano kila asubuhi. Kabla ya kushindilia, napangusa mafuta yote kwa kitambaa kikavu, kisha nalipua fataki mbili tupu huku mdomo wa mtutu umeelekezwa kwenye jani chini. Jani likicheza, njia iko wazi. Na mdeki wangu una alama mbili za kalamu ya rangi, moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu uliojaa. Baridi ikikubana na usingizi ukiwepo, utasahau kama umeshashindilia. Watu wameshindilia mara mbili.

Kuhusu gumegume, nitakuwa mfupi kwa sababu mimi mwenyewe bado nasoma. Nina Traditions iitwayo Deerhunter, ya bei ya chini. Nimeshika Pedersoli ya Italia ya mtu mwingine nikairudisha haraka kabla sijaipenda. Kwenye kifa, yaani kile kibakuli cha nje kinachopokea cheche, weka baruti halisi nyeusi ya unga mwembamba. Pyrodex pale haishiki moto. Theluji ikianguka, funika mtambo kwa kipande cha ngozi kilichopakwa nta, na badilisha baruti ya kifani kila saa. Hata hivyo, kati ya kuvuta triga na mlipuko kuna kitambo kidogo ambacho mwili unataka kuruka. Mwaka wa kwanza nilikosa kulungu wawili kwa kufumba macho.

Kinachonifurahisha ni kwamba hapa Lancaster ndipo mafundi wa Kijerumani walipokuwa wakitengeneza bunduki ndefu za gumegume karne ya 18. Na kwetu, mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipozuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, uliziachia za gumegume zisizo na mifereji mtutuni. Jiwe lile lile, sababu mbili.

Mama aliliona langu kwenye simu Januari iliyopita, nimesimama nalo kwenye theluji, pua nyekundu. Nilidhani atamkumbuka baba yake. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Wee baba, na kibali unacho?"

Nikafungua zipu ya koti nikamwonyesha leseni. Akaniambia niishike vizuri, haoni tarehe.