Wanaokudai wanaweza kuchota hela zako benki?

Kuna dada kaniandikia toka Muheza, ana biashara yake ya kupeleka iliki na mdalasini nje, kakopa mahali na sasa wanamtumia meseji kwamba wakiamua wanaingia kwenye akaunti yake wanachota, na hata yale marejesho ya VAT, yaani kodi anayosubiri kurudishiwa, watayadaka hukohuko TRA, mamlaka ya mapato. Halali usiku. Najibu hapa maana najua mko wengi.

Dada yangu, tulia kwanza. Yamenikuta hapahapa Tanga, duka langu la vitenge Ngamiani lilipoyumba, aliyenikopesha akawa anamtuma kijana, anasimama mlangoni anasema kwa sauti akaunti yako Ijumaa tunaifunga. Mbele ya wateja! Wale kina mama walivyoniangalia, mpaka leo roho inaniuma. Nikafunga duka nikaenda benki, meneja akaniambia mama, huyo bila oda ya mahakama hapa haondoki hata na mia. Nikarudi nikamwambia kijana lete oda. Hakuleta mpaka deni nikalimaliza mwenyewe, kidogokidogo, na najivunia sana.

Mdai wa kawaida lazima afungue kesi, ashinde, kisha aombe utekelezaji wa hukumu, hapo ndio mahakama inaweza kuiamuru benki izuie hela zako imlipe yeye. Kuzuiwa kabla ya hukumu kupo pia, mahakama ikiridhika kwamba unahamisha mali ili ukwepe, kwa hiyo usianze kugawia ndugu hela uzifiche, unajichongea.

Wasiohitaji kesi wapo. Benki yenyewe ikiwa ndio imekukopesha, mikataba mingi inawaruhusu kukata kwenye akaunti yako ya hapohapo, usome kabla hujasaini. Na TRA, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inawapa nguvu ya kuiandikia benki ilipe kodi unayodaiwa. Marejesho ya VAT nayo ni hivyohivyo, TRA wanaangalia kama una kodi nyingine hujalipa wanakata humo, inayobaki ndio yako. Ikishaingia benki ni hela kama hela zingine, mwenye hukumu anaweza kuifuata.

Sasa jamani, nawaomba, samansi msizitupe! Watu wanaona karatasi ya mahakama wanaificha kabatini, kesi inasikilizwa upande mmoja, siku akaunti inazuiwa ndio wanashtuka. Mahakama ya Wilaya kwenda juu una siku 21 za kuleta utetezi toka upokee. Nenda. Deni la kweli likubali, omba kulipa kwa awamu, heshima yako inabaki.

Wewe wa Muheza, wajibu hao watu leo: namba ya kesi ni ipi, mahakama gani, na leseni yenu ya Benki Kuu iko wapi, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji wa biashara haruhusiwi kukopesha bila leseni. Meseji zao usifute hata moja, tunza zote.