Mbegu za boga huchaguliwa kwenye ua, si jikoni

Mkuu, umeuliza kwa nini mbegu za lile boga tamu la unga zimekuletea maboga ya maji maji, mengine marefu, mengine duara. Mbegu zako zimechavushwa na boga la aina nyingine. Nyama ya boga ni ya mmea mama, kwa hiyo ulipolila hukuona tofauti. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu na hujitokeza ukishaipanda.

Mimi nalima maboga huku Lushoto na mbegu natunza mwenyewe. Kitu cha kwanza ninachoangalia ni kikonyo, maana ndicho kinachoonyesha boga ni la jamii gani, na maboga ya jamii moja ndiyo huchanganyika kirahisi. Kikiwa kinene, cha mviringo na laini kama kizibo cha chupa, hilo ni jamii ya maxima. Kikiwa kigumu, chenye kona tano na kimetanuka pale kinaposhika boga, ni jamii ya moschata, na batanati, yale maboga yenye shingo, wamo humo. Zukini, yale maboga membamba yanayoliwa machanga, ni jamii ya tatu, pepo. Batanati ya jirani itakuchanganyia moschata yako. Zukini yake, kwa kuwa ni jamii nyingine, kwa kawaida haina shida. Na nyuki anaruka zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo kwa mashamba yetu haya yaliyobanana, usitegemee umbali.

Dawa ni kufunga maua. Jioni pita shambani utafute maua ambayo ncha zimeshageuka njano lakini bado hayajafunguka. Jike utalijua kwa kiboga kidogo chini yake. Lifunge ncha kwa uzi wa mgomba, maana ni laini na haukati petali, kisha funga na madume mawili ya aina hiyo hiyo, ikiwezekana kutoka mmea mwingine. Alfajiri, kabla jua halijakolea, chuma madume, menya petali zote ubaki na kile kijiti chenye vumbi la njano. Fungua jike, pakaza vumbi katikati pande zote, kisha lifunge tena hapo hapo. Nyuki akikuwahi kuingia, achana na ua hilo, tafuta lingine. Weka alama ya kitambaa kwenye kikonyo. Fanya hivi mapema msimu ukianza, maana mmea wenye matunda mengi tayari huangusha viboga vipya.

Boga la mbegu lisichumwe bichi. Subiri kikonyo kikauke na ukucha ushindwe kutoboa ganda, kisha liweke ndani mwezi mzima kabla ya kulipasua. Mbegu huendelea kujaa humo humo. Osha, anika kivulini. Ukiikunja mbegu ikapinda, bado. Ikivunjika, tia kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Hukaa miaka kadhaa.

Na hayo maboga uliyonayo sasa, onja kipande kibichi kabla ya kupika. Likiwa chungu, tema na ulitupe boga zima. Uchungu huo ni sumu, hauishi kwa kuchemsha, na hutapisha na kuharisha vibaya.