Mfumo wa kanuni kwa hisa za NSE: anza na dalali, chati baadaye

Ndugu yetu ameuliza hivi. Amekusanya bei za kila siku za Soko la Hisa la Nairobi (NSE), ameandika kanuni kwenye Excel: wastani wa bei za siku 10 zilizopita ukipanda juu ya wastani wa siku 30, nunua hisa; ukishuka chini yake, uza. Hesabu zinamwonyesha mtaji ukizidi maradufu kila miaka miwili. Ana laki mbili, na anataka kujua kama aanze Jumatatu au aongeze kigezo kingine kwanza.

Ndugu, usianze Jumatatu, na kigezo usiongeze. Mimi naendesha mfumo wa aina hii kwa pesa zangu kwa miaka kadhaa sasa. Naangalia bei jioni tu, kwa sababu mchana niko kazini. Ninaloliamini kuliko yote ni kwamba kwa soko letu mfumo hujengwa kuanzia mwisho. Ujue kwanza ni hisa zipi unaweza kununua na kuuza, kwa kiasi gani, na gharama yake. Ishara ya kununua ndiyo sehemu rahisi.

Tuanze na gharama. Ukijumlisha kamisheni ya dalali na tozo za soko, za CMA (mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji) na za CDSC (shirika linalotunza akaunti za hisa), mwenye mtaji mdogo hulipa karibu asilimia 2 akinunua na karibu asilimia 2 tena akiuza. Kwenda na kurudi ni asilimia 4. Wastani wa 10 na 30, hisa ikiwa haina mwelekeo, utakuingiza na kukutoa tena na tena. Ukizunguka mara 6 kwa mwaka kwenye hisa moja, asilimia 24 ya pesa uliyoiweka pale imekwenda kwa watu wengine. Hapo bado hujalipia pengo kati ya bei anayotaka muuzaji na ile anayotoa mnunuzi, ambalo kwa hisa ndogo huwa kubwa. Weka asilimia 4 hiyo kwenye jedwali lako kwa kila mzunguko, halafu utazame tena ule mstari uliokuwa ukipanda vizuri.

La pili watu wengi hawalijui, na ndilo linaloharibu hesabu nyingi za bei za jioni. Bei ya kufunga ya NSE si bei ya biashara ya mwisho ya siku. Ni wastani wa bei za siku nzima, kila bei ikipewa uzito kwa idadi ya hisa zilizouzwa kwa bei hiyo. Sasa fikiria hisa iliyofungua kwa 19 na kupanda mfululizo hadi biashara ya mwisho ikawa 21. Gazeti litaandika 20 na senti kadhaa. Excel yako inaona ishara na "inanunua" kwa 20 na senti kadhaa, bei ambayo saa tisa alasiri soko likifungwa hakuna tena anayeuza. Kesho asubuhi utakuta wauzaji wako 21 au juu yake. Kwa mfumo unaofuata mwelekeo, kosa hili huelemea upande mmoja: bei ikipanda unaonekana umenunua rahisi kuliko kweli, na ikishuka unaonekana umeuza ghali kuliko kweli.

Dawa yangu ni kali lakini ninaisisitiza. Ishara itoke jioni ya leo, na ununuzi uhesabiwe kwa bei ya juu kabisa ya siku inayofuata, uuzaji kwa bei ya chini kabisa ya siku inayofuata. Kama siku hiyo hisa haikuuzwa, oda yako haikupata mtu, inasubiri. Mfumo unaobaki na faida baada ya kuteswa hivyo, huo una kitu ndani yake.

Sasa ukwasi, yaani urahisi wa kupata wa kununua au kuuziana naye, ambao mimi naufanya kuwa lango la kwanza la mfumo mzima. NSE ina kampuni 60 na ushei, lakini zinazouzwa kila siku kwa kiasi cha maana ni chache: Safaricom, Equity, KCB, EABL, Co-op na nyingine za kuhesabika. Kila hisa naipimia thamani ya mauzo ya siku katika siku 60 zilizopita: nazipanga kwa ukubwa na kuchukua ya katikati. Wastani wa kawaida usiutumie hapa. Mfuko mmoja wa pensheni ukiuza furushi kubwa siku moja, wastani unapaa na kukudanganya kwamba hisa inachangamka, kumbe siku nyingine zote imelala. Kisha najiwekea kikomo cha asilimia 10 ya thamani hiyo ya katikati. Ukitaka kushika shilingi 25,000 kwenye hisa, basi iwe na mauzo ya angalau 250,000 kwa siku ya kawaida. Hisa yenye 80,000 haiingii kwenye orodha hata chati yake ingekuwa nzuri vipi, kwa sababu siku ya kutoka ndipo utakapojua kwamba mnunuzi hayupo.

Na kutoka kuna kikwazo kingine. Bei ya hisa hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku kutoka bei ya kufunga ya jana. Habari mbaya zikija, hisa ya 100 inaweza kwenda 90, kesho yake 81, na siku zote mbili wauzaji wamepanga foleni bila mnunuzi. Sheria ya kuweka ukomo wa riba za benki iliposainiwa tarehe 24 Agosti 2016, hisa za benki kubwa ziliporomoka pamoja hadi karibu na kikomo hicho. Kanuni inayosema "uza ikishuka asilimia 12" haikuahidi kwamba utauza kwa asilimia 12. Ndiyo maana mimi siruhusu benki zizidi mbili kwa wakati mmoja, ingawa kila mara ishara zikija huja za benki nne au tano kwa mpigo. Zile si ishara tano, ni moja.

Wengi mnaleta kanuni za wale wanafunzi wa Richard Dennis na William Eckhardt, wafanyabiashara wa masoko wa Marekani, waliofundishwa Chicago 1983: nunua bei ikivunja kilele, yaani bei ya juu kabisa, cha siku 20 au 55 zilizopita. Ni kanuni nzuri, na mimi mwenyewe nimechukua wazo la kuvunja kilele kutoka huko. Lakini wale walikuwa kwenye mikataba ya bidhaa na fedha za kigeni, gharama ndogo, wakiweza kuanza kwa kuuza ili wapate faida bei zikishuka, kwa urahisi uleule wa kununua zikipanda. Sisi tunanunua tu, na tunalipa asilimia 4. Kwa hiyo nimeipunguza kasi. Naangalia Ijumaa peke yake. Nanunua hisa iliyofunga wiki juu ya kilele cha wiki 20, natoka ikifunga wiki chini ya bei ya chini ya wiki 10. Matokeo yake ni biashara chache sana kwa mwaka, na hilo ndilo ninalolitaka.

Kiasi cha kununua kikokotoe kutoka hasara unayoikubali, ukijumlisha na gharama. Kwa laki mbili, tuseme hasara moja isizidi asilimia 2, yaani shilingi 4,000. Kama mahali pa kutokea pako asilimia 12 chini, ongeza 4 za gharama, jumla 16. Gawanya 4,000 kwa 0.16, unapata 25,000. Hisa za kampuni 8 za namna hiyo zinamaliza laki mbili zako. Mahali pa kutokea pakiwa mbali zaidi, nunua kidogo zaidi.

Data sasa. Equity iligawanya hisa zake 10 kwa 1 mwaka 2009, yaani kila hisa moja ikawa kumi. Bila kurekebisha bei za nyuma, jedwali lako litaona anguko la asilimia 90 na kuuza. Gawio nalo: benki zetu hulipa gawio nono, na vitabu vya wanaostahili gawio vikifungwa bei hushuka kwa kiasi hicho, mfumo ukaona udhaifu usiokuwepo. Rudisha gawio kwenye bei, ukitoa asilimia 5 ya kodi kwa mkazi wa Kenya.

Halafu kuna kampuni ambazo hazimo kwenye faili lako, na hapa nawaomba mwe wakali na nafsi zenu. Ukichukua orodha ya kampuni zilizopo leo na kupima miaka 15 nyuma, umeshawachagua walionusurika. Iko wapi Mumias? Iko wapi ARM Cement, na Uchumi? Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa sokoni Julai 2020 na kurudi Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu, aliyekuwa nayo hakuwa na kanuni yoyote ya kutoka iliyoweza kumsaidia. Rudisheni KenolKobil pia, iliyoondoka 2019 baada ya kununuliwa na Rubis, maana hiyo iliondoka na faida kwa wenye hisa. Wote waingie, wema na wabaya, kama walivyokuwa siku ile.

Ndugu ataniambia amejaribu 10 na 30, 15 na 45, 20 na 60, akachagua iliyo bora. Tangu 2008 soko letu limegeuka mara chache tu kwa ukubwa: lilianguka kwenye msukosuko wa dunia, likapanda, likashuka 2011, likapanda hadi mwanzoni mwa 2015, likashuka, likapanda 2017, korona ya 2020, kilele cha 2021, mteremko mrefu hadi 2023, kisha kupanda tena. Una maelfu ya siku kwenye faili, lakini mageuko yenyewe unayahesabu kwa vidole. Kanuni iliyo bora kuliko jirani zake imekariri tarehe hizo. Mimi hutafuta eneo pana: kama wiki 20 inafanya kazi, 16 na 26 nazo zifanye, hata kama kwa faida ndogo. Kama 20 inang'aa na 18 inapoteza, naitupa.

Kichujio cha soko zima, yaani kanuni ya kukuambia kama soko lenyewe linafaa kununua, pia kitazame upya. Wengi hutumia NASI, kipimo cha bei za hisa zote za NSE, ikiwa juu ya wastani wa siku 200. NASI hupimwa kwa thamani ya kampuni na Safaricom ni kubwa mno ndani yake, kwa hiyo mnaiuliza Safaricom kama mnunue Co-op. Hesabu badala yake ni hisa ngapi kwenye orodha yako ziko juu ya wastani wao. Zikiwa chini ya nusu, mimi sinunui mpya.

Pesa isiyokuwa kwenye hisa ihesabiwe nayo. Mwanzoni mwa 2024 hati za hazina za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi kwa serikali, zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka. Mfumo uliokuwa nje ya soko kipindi kile haukuwa umelala, na mfumo uliokuwa ndani ulipaswa kushinda kiwango hicho, siyo sifuri.

Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, si lazima 100 tena. Itumie nafasi hiyo. Endesha kanuni zako kwa kiasi kidogo kabisa, oda zote ziwe za bei maalumu unayoitaja wewe, zipelekwe usiku au kabla soko halijafunguliwa, na kila moja uandike bei uliyoitarajia na uliyopata. Tofauti hiyo ndiyo utakayoirudisha kwenye jedwali badala ya makisio yangu.

Ukirudia hesabu, weka hapa vitu vitatu: idadi ya mizunguko kwa mwaka, mauzo ya siku ya katikati kwa kila hisa uliyoshika, na faida baada ya asilimia 4. Tutaitazama pamoja.