Kuambukizwa ni kitu kimoja, kuugua vibaya ni kingine

Umeuliza kwa nini korona ilimlaza mmoja mahututi, na mwenzake wa nyumba hiyohiyo hakupata hata kikohozi. Kuambukizwa kunategemea sana maisha ya mtu. Muuguzi au dereva wa basi hawezi kufanyia kazi nyumbani, na familia ya watu wanane wanaolala vyumba viwili haina pa kumtenga mgonjwa. Watu hulisahau hilo, wakakimbilia kusema ni damu ya kabila fulani. Inaniuma sana.

Kuugua vibaya ni habari nyingine. Umri ndio unaotangulia: mwenye miaka 80 yumo hatarini mara nyingi zaidi ya mwenye 30, kwa kuwa kinga ya mwili huchoka. Kisha kisukari, unene uliopita kiasi, maradhi ya moyo, figo na mapafu, na kinga iliyodhoofishwa na matibabu ya saratani. Wanaume pia wamekufa zaidi ya wanawake. Chanjo hupunguza sana hatari hiyo, ingawa haizuii kila maambukizi.

Kama una mzee mwenye kisukari nyumbani, fungua madirisha wageni wakija, hata wakionekana wazima. Mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili kutokea.